Mustang, Camaro na Hewa ya Durban

Jumatatu, 7 Julai
Leo bosi katuita wote wawili, mie na Fabien, yule Mrundi alokuja mwezi jana kutoka Johannesburg na Camaro yake nyekundu. Bosi anafungua banda jipya kule Mobeni, la magari ya Kimarekani ya zamani tu. Anataka fundi mmoja. Kasema: nyinyi kila siku Mustang, Camaro, Mustang, Camaro. Basi Jumamosi ya tarehe 19 nendeni uwanja wa mbio. Atakayetangulia, banda lake. Mwengine atafute pengine.
Nina miaka sabini na mbili. Pengine wapi?
Lakini sikusema hivyo. Nilisema bosi, mwambie huyu kijana aanze kufunga virago. Mustang yangu nimeifunga kwa mikono hii, kila nati. Durban nzima hakuna injini ya V8 inayonguruma vile. Wanaonijua wanajua.

Jumanne, 8 Julai
Fabien kaanza maneno. Camaro yake ilipimwa mbio kule Johannesburg, na Mustang yangu ilipimwa hapa. Muda wangu mzuri kuliko wake. Nikamwambia mbele ya yadi nzima: mbio zimeshakwisha, kijana, kunywa chai yako.
Kasema, "Mzee Machano, hiyo si sawa. Kule iko juu, hewa ni nyepesi, moteri inapumua vibaya. Wewe ulipimwa hapa baharini. Ngoja. Huku chini yangu itakuwa simba."
Nikasema simba wa Johannesburg akifika huku anakula dagaa. Wakacheka sana.
Lakini lile la hewa ni kweli. Najua tangu yeye hajazaliwa. Sikupenda tu alivyolisema mbele ya watu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeweka masharti. Mie mtu wa haki, sitaki mtu aseme baadaye. Tairi aina moja. Petroli ya pampu moja, imwagwe mbele ya macho yangu. Na uzito sawa. Tumekwenda Clairwood kwenye mizani ya malori, jamaa wa pale ananijua. Camaro ikatoka nyepesi. Nikasema aongeze.
"Niongeze nini, Mzee?"
Unga, nikasema. Kaenda kununua magunia ya unga wa mahindi, kayapakia kiti cha nyuma mpaka mizani ikalingana. Jamaa wa mizani kauliza, mnakwenda kwenye mbio ama kwenye matanga?
Fabien hakucheka. "Sawa, Mzee." Basi.
Jioni nimemsimulia binti yangu Kulthumu, hapa kwake Berea. Kasema, "Baba, ungempima na viatu." Kwani viatu havina uzito?

Ijumaa, 11 Julai
Nimeongeza sharti. Upande wa barabara nachagua mie. Kakubali. Anakubali kila kitu. Inaniudhi.

Jumapili, 13 Julai
Eish. Leo nimeona kitu.
Fabien alikuwa anasafisha plagi za Camaro, kazipanga juu ya gazeti. Nyeupe. Nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini nzima huwa rangi ya biskuti. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, ndani kunaungua.
Nikamuuliza kama natania: kabureta umeifungua tangu uje huku?
Kashtuka kama nimemtukania mama. "Hapana, Mzee. Ile patron wangu, fundi mkubwa wa Johannesburg, aliifunga yeye mwenyewe. Aliniambia usiiguse. Sijaigusa."
Nikarudi kwenye Mustang yangu.
Kumbe anajua nusu. Anajua hewa huku ni nyingi. Hajui kwamba patron wake aliweka jeti ndogo, yale matundu ya kupitishia petroli, kwa ajili ya hewa ya kule. Huku hewa imezidi na petroli ni ileile. Kwenda dukani na kurudi gari litavumilia. Likikanyagwa mpaka chini, pistoni itatoboka. Halifiki mwisho wa barabara.
Na mie nilifundishwa hivyohivyo. Alichofunga fundi wako, hukifungui. Kwa hilo siwezi kumcheka.
Banda ni langu basi.

Jumatano, 16 Julai
Odette, mke wa Fabien, kaleta maharage na ndizi yadini. Mimba kubwa, anatembea ameshika kiuno. Kanipakulia mie kwanza. "Karibu Mzee, kula." Kasema Camaro ndiyo akiba yao yote. Wakishindwa Jumamosi wataiuza, wapate pa kukaa kabla mtoto hajaja. Kasema hivyo anacheka, kama habari ya watu wengine.
Nimekula. Maharage mazuri.
Kwani mie nimefanya nini? Gari lake sikuligusa. Tairi sawa, petroli sawa, uzito sawa. Nani ataniambia sikutenda haki? Kila fundi ajue injini yake. Mie ya kwangu naijua.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeiwasha Mustang, nikaisikiliza mpaka ikapata moto. Tamu. Haina hata kikohozi.
Jeti kubwa ninazo, za saizi ya kabureta ile ile. Kuzibadilisha ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Halafu? Hapo Camaro inapumua hewa ya Durban na petroli yake kamili. Hapo sijui nani anatangulia. Kusema kweli, sijui.
Kulthumu kauliza mbona huli. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 19 Julai
Naandika ndani ya gari. Uwanjani, kwenye mstari. Mustang nimeizima.
Camaro ilipopita kujipasha moto niliisikia. Inagonga, kama kokoto ndani ya kopo. Watu wanapiga makofi, hawasikii kitu. Nikashuka, nikaenda dirishani kwake. Nikamwambia Fabien, fungua boneti. Hizo jeti ni za Johannesburg. Ukikanyaga utaunguza pistoni. Nizibadilishe, halafu tushindane.
Boneti hakufungua.
"Mzee, tairi nimebadilisha. Petroli nimemwaga, nimeweka ya kwako. Unga iko hapa nyuma kama msiba. Upande umechukua. Na sasa unataka kuingiza mkono ndani ya moteri yangu?"
Nikaapa. Wallahi.
"Usimuingize Mungu kwenye kabureta, Mzee."
Watu wakacheka. Safari hii wananicheka mie.
Odette alikuwa kasimama kando na watazamaji; nikamwita, nikamwambia zungumza na mumeo. Hata hakunikasirikia. Kasema, "Mzee, mwache tu. Amevumilia ya kutosha."
Bosi kapiga kelele: Machano, panda gari! Taa ya robot ikiwa kijani na wewe hujaondoka, banda la Fabien.
Nimepanda. Nimefikiri hivi. Nikiondoka atanifukuzia, atakanyaga mpaka chini, na injini imekwisha. Nisipoondoka hana wa kushindana naye. Labda ataenda polepole. Labda. Kijana ana hasira, na hasira nimeitia mie.
Durban hii sijawahi kushindwa. Hilo libaki limeandikwa.
Ufunguo nimeuchomoa. Nimeuweka juu ya dashibodi, kwenye kioo, Fabien auone kwamba siondoki.
Wanapiga honi. Mmoja kasema mzee kaogopa. Naandika ili nisiwatazame.
Taa ya njano imewaka. Fabien haangalii taa, anaangalia ufunguo wangu. Injini yake inanguruma. Mguu wake siuoni.