Vipande Saba vya Zambarau

3 Machi
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo hakuna.

Mama, shikamoo.

Natumaini magoti yametulia na unatembea bila kushika ukuta. Mimi mzima, kazi ya stoo ya dawa inaendelea. Leo ni miezi mitano tangu mwanao atuache, na kuna mambo mawili ambayo sitaki kuyaamua peke yangu.

La kwanza ni lile tangi lake la samaki wa maji ya chumvi sebuleni. Muuza matumbawe amepiga simu: oda ya marehemu iko tayari, lakini nikitaka naweza kubadilisha. Yako magumu na yako laini. Magumu hujijengea mifupa ya mawe, kidogo kidogo, kwa miaka. Yanataka taa kali na maji yasiyobadilika, yapimwe kila siku; ukiyakosea yanageuka meupe na kufa. Laini hayana mfupa. Yanayumba na maji kama nguo kwenye kamba, na mtu akisahau kidogo yanamsamehe. Mwanao aliagiza magumu.

La pili ni chuo. Hospitali imenichagua nikasomee ufamasia, miaka miwili, mji wa mbali, kuanzia Septemba. Nikiweka laini, mzee wa ghorofa ya chini, yule dereva mstaafu, anaweza kuyaangalia. Nikiweka magumu, sitoki. Siku za msiba uliniambia niiache nyumba kama alivyoiacha yeye. Je, bado ni hivyo?

Mkweo


17 Machi

Mkwe wangu, marahaba.

Magoti yamegawana zamu: moja likiuma, jingine linapumzika. Nakula, nalala, na redio imepona.

Mimi samaki ninayemjua ni wa kwenye sufuria, na mawe ninayoyajua ni ya jikoni. Lakini kusoma najua. Umeandika mengi kuhusu matumbawe na machache kuhusu chuo, na nimeona ni lipi lililokufanya ushike kalamu.

Mwanangu aliagiza magumu. Alikuwa mbishi tangu tumboni, lakini akisema kitu, anakifanya. Sasa hayupo wa kukifanya. Wewe upo. Weka magumu. Chuo kimekuwepo kabla yenu, na mwakani kitakuwepo.

Mama mkwe wako


2 Aprili
Manyunyu tangu alfajiri.

Mama, shikamoo. Nafurahi kusikia redio imepona. Magoti nayo yafuate.

Matumbawe magumu yamefika. Vipande saba vya zambarau, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Nimeyabandika juu ya mawe kwa kufuata mchoro ulio kwenye daftari lake. Napima maji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kipande kimoja kimeanza kutoa ncha nyeupe, na muuzaji anasema hiyo ndiyo dalili ya kukua. Jana nilijikuta nakiuliza kimeamkaje. Usicheke.

Chuo nimewaandikia kwamba mwaka huu sitakwenda. Wamenijibu kwamba nafasi hawataifuta hadi mwisho wa Agosti. Nakueleza mwenyewe ili usije ukasikia kwa mwingine.

Mkweo


13 Juni
Jua kali tangu saa moja, hakuna wingu.

Mama, shikamoo. Sijui nikuulize hali yako kwa maneno gani, kwa sababu nina habari mbaya.

Yamekufa yote saba.

Nitakueleza yalivyokuwa. Kila siku maji ya tangi hupungua kwa joto la taa, lita mbili hivi. Yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji matupu, yasiyo na chumvi. Mwanao alikuwa na madumu mawili yanayofanana, moja la maji matupu, moja la maji ya chumvi ya kubadilishia kila mwezi. Hakuyaandika chochote kwa sababu yeye alikuwa anajua.

Jumamosi ya mwisho ya Mei niliyaosha yote mawili, nikayajaza upya, na nikatengeneza vibandiko ili mzee wa chini aweze kunisaidia siku nikichelewa. Nikavibandika kinyume. Kuanzia Jumapili hadi jana, siku kumi na mbili, nilikuwa najazia chumvi juu ya chumvi. Na kila siku nimeandika kwenye kitabu changu, kwa mwandiko mzuri: maji matupu, lita mbili. Asubuhi napima joto la maji na mengineyo; chumvi yenyewe hupimwa Jumamosi. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunahesabu dawa stoo hadi jioni, nikasema nitapima ijayo.

Juzi yalikuwa yamefifia, nikadhani ni taa. Jana ngozi ilikuwa inabanduka na mawe meupe yakaonekana; ndipo nikapima chumvi, tangini na kwenye madumu, nikagundua.

Najua utakalojiuliza, Mama. Nafasi ya chuo bado iko wazi, na kilichokuwa kinanizuia kimekufa mikononi mwangu. Sikufanya kusudi. Sina shahidi ila kitabu changu, na kitabu hicho ndicho kilichokosea.

Mkweo


18 Julai
Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Mama, shikamoo. Sijapata jibu. Kama unaumwa, nitumie neno hata kwa jirani. Kama hauumwi, nitasubiri. Tangi lina maji na samaki wawili. Sijaweka kitu kingine, na chuo sijawaandikia.

Mkweo


14 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Siumwi. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika siandiki, maana nikiandika nitajuta na stempu nimeshainunua.

Nilisema moyoni, ameyaua ili aondoke. Nikamwambia hivyo mama wa dukani, tena kwa sauti. Yeye akaniambia, "Isome barua, bibi, nisikie." Nikamsomea. Nilipofika kwenye vibandiko akanikatiza: "Mtu anayetaka kukudanganya angekwambia yalikufa tu. Huyu anakuhesabia lita." Nikamwambia anipimie sukari na aache ujuaji. Lakini nilirudi nyumbani nikaisoma tena peke yangu.

Sasa nami nikwambie langu. Mimi matumbawe sikuyataka. Magumu, laini, yote kwangu ni mawe. Nilichotaka ni mtu pale. Miaka tisa nimeandika anwani ile kwenye bahasha, mtaa, ghorofa, namba ya mlango, na kila mara jibu likarudi. Alipofariki mkono wangu uliendelea kuiandika, na wewe ukajibu. Nikawaza, huyu akienda chuo, nitaandika wapi? Nikakufunga kwa mawe ya mtoto wangu, nikasema ni kwa heshima yake. Si vizuri nilivyofanya.

Weka hayo laini. Mzee wa chini mwambie nitamuuliza kwa barua, na asijifanye hajui kusoma. Waandikie chuo leo, usingoje kesho, mwezi unaisha.

Mama yako


5 Septemba
Asubuhi ya baridi kidogo, anga safi.

Mama, shikamoo.

Barua yako niliipokea tarehe 21, nikawaandikia chuo siku hiyo hiyo. Wamenipokea. Naondoka kesho kutwa.

Matumbawe laini yamewekwa: moja kama uyoga, moja lenye vidole vingi vinavyofunguka taa ikiwashwa. Mzee wa chini amekuja mara tatu kujifunza. Leo nilimpa kikombe ajazie, akayaonja maji ya dumu kwanza. Nikamuuliza, "Mzee, unafanya nini?" Akasema, "Binti, vibandiko vyako nimesikia habari zake." Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikalia, naye akaendelea kujazia tangi.

Mifupa ya yale saba nimeiosha. Mmoja nimekuwekea humu, umefungwa kwa pamba. Ni mwepesi kuliko unavyodhani.

Anwani ya bwenini nimeiandika nyuma ya bahasha. Utaona ni ndefu, iandike yote.

Mwanao

Nimeongeza asubuhi ya tarehe 6, kabla ya kwenda posta: jana, kwa mara ya kwanza tangu msiba, usingizi ulinichukua mapema, saa nne na dakika kumi usiku.