Maganda Manne

Jumatatu, 6 Mei
Nimewasha jiko mapema. Mivukuto inavuja upande mmoja, nimeiziba kwa kipande cha ngozi. Nimeyeyusha kufuli mbili, koki ya bomba na maganda ya risasi kumi na mawili. Zimetoka bangili nzuri. Maganda huletwa na wanawake wa kijiji cha Hirbadaw, wanayaokota kwenye njia za ng'ombe wakienda kuchota maji. Zamani nikipata ganda moja kwa mwaka nilikuwa nawaonyesha watu. Siku hizi yanakuja yamejaa kopo. Shaba yake ni safi kuliko ya koki. Sijawahi kuuliza yametoka wapi. Fundi haulizi.

Mdogo wangu Gidamis amepita jioni. Ana ng'ombe kumi na mmoja sasa, anatembea kifua mbele. Watu wanamtania, mhunzi na ng'ombe wapi na wapi. Wafugaji wa hapa Getanuwas wanavaa bangili zetu, lakini binti zao hawatuozi. Yeye anacheka tu.

Alhamisi, 9 Mei
Gidamis wamemuua.

Ijumaa, 10 Mei
Jana mkono ulikataa kuandika. Wezi wa ng'ombe walimvamia alfajiri, giza bado. Alitoka na mkuki. Mkuki! Wenzake wana bunduki. Martha mkewe alimkuta kwenye mlango wa zizi, zizi tupu.

Mimi ndiye niliyekwenda kumbeba. Pembeni yake palikuwa na maganda manne. Nikayaokota, nikatia mfukoni. Mkono umezoea, ukiona shaba chini unaokota. Ndugu yangu amelala pale na mimi naokota shaba. Najichukia.

Jumatatu, 13 Mei
Tumezika. Watu wametawanyika. Maganda yalikuwa bado mfukoni, yanagongana kila nikipiga hatua. Sikuvumilia. Nimeyatupa kwenye chungu cha kuyeyushia, nikavuta mivukuto mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, nikamwambia, rudi ndani. Sikutaka kilichomuua Gidamis kibaki na sura yake nyumbani kwangu. Imetoka bangili moja nyembamba. Nilidhani roho itatulia. Wapi!

Jumanne, 21 Mei
Leo amekuja mpelelezi, kwa pikipiki. Kijana mwenye adabu. Shikamoo mzee, pole kwa msiba. Nikaitikia.

Wamemkamata mtu mmoja ng'ambo ya Hirbadaw. Bunduki aliifukia kwenye samadi ya zizi lake. Anasema ni ya kulindia mifugo, na siku ile alikuwa amelala kwake. Ng'ombe wa Gidamis hawakuonekana, pengine wameshauzwa mbali. Martha hakuona sura, kulikuwa na giza.

Halafu kijana akanieleza jambo ambalo sikulijua, na maganda nimeyashika miaka ishirini. Kila bunduki inaacha alama yake kwenye kitako cha ganda, kama chapa ya ng'ombe. Wakipata ganda moja tu la pale zizini, yule jamaa amekwisha. Wao walitafuta, hawakuona kitu. Akaniuliza, mzee, wewe uliona maganda?

Nikasema hapana.

Jumatano, 22 Mei
Hasira hasara. Nilikuwa nawaambia watoto wangu hivyo.

Jumapili, 2 Juni
Kanisani sikuimba. Martha alikaa benchi la mbele yangu. Amekonda. Akageuka kunisalimia, nikajifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Redio mchana: wakubwa wamekutana hotelini kuzungumzia silaha zinazoingia Afrika. Wanaozitengeneza na wanaolizwa nazo, meza moja, chai moja. Nikaizima. Yule mpelelezi alisema kwenye ganda huwa kuna namba ya kiwanda na mwaka. Alisema nyingi ya bunduki hizi ziliuzwa kihalali kabisa, serikali kwa serikali, mihuri juu ya mihuri, kwa ajili ya vita vya nchi jirani. Vita vikiisha hazirudi kiwandani. Zinatembea. Mkulima wa Maretadu akitaka kuvusha maharage yake mpakani, anaulizwa kibali mpaka achoke. Risasi nani ameiuliza? Imevuka bahari, imevuka nchi sijui ngapi, ikaja kumkuta Gidamis na mkuki wake. Eti biashara. Aliyeitengeneza leo yuko kwake, amekula, ameshiba, jina la Getanuwas hajawahi kulisikia.

Na mimi? Mimi nilikuwa nafurahia shaba safi. Nisijifanye mtakatifu.

Jumanne, 18 Juni
Nimekwenda kituoni. Njia nzima nilitaka kurudi. Nilipofika nikatoa ile bangili, nikaiweka mezani kwa yule mpelelezi. Maganda ndiyo haya, nikamwambia.

Akaigeuzageuza. "Mzee, hii ni bangili."

Nikasema najua ni bangili, mimi ndiye niliyeitengeneza! Nilimfokea kama vile kosa ni lake. Hakukasirika. Bora angenitukana. Akaandika maelezo yangu, akanisomea, nikasaini. Nikamuuliza kama yatasaidia. Akasema hapana mzee, hayatasaidia, shaba ikishayeyuka haina la kusema. Bangili akabaki nayo.

Jumatano, 3 Julai
Wamemwachia yule jamaa. Kesi ya mauaji haipo tena, imebaki ya kukutwa na bunduki, na kwa hiyo amepata dhamana. Jana ameonekana mnadani anakula nyama choma, mguu juu ya mguu. Shenzi.

Nimekwenda kwa Martha kabla hajaambiwa na mwingine. Nimemwambia yote: niliyaokota, niliyayeyusha, nilimdanganya mpelelezi, nikaja kusema wakati hakuna faida tena. Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta. Nikasema shemeji, nitukane basi. Akasema, "Nikikutukana atafufuka?" Baadaye, nimeshafika mlangoni, akasema kama serikali haina ushahidi na shemeji hana akili, ndugu zake watamlinda wenyewe. Sikuuliza kwa kitu gani. Nilielewa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakusubiri nizeeke.

Jumatano, 10 Julai
Kaka zake Martha wameuza ng'ombe watatu. Kuna mtu wa kuwaletea bunduki, wanasema anakuja nayo kwenye gunia la mkaa. Nilimwendea kaka mkubwa, nikamwambia hii itazaa vifo vingine. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama yule jamaa akirudi na wenzake, mimi nitamlinda dada yake kwa nyundo? Nimerudi nyumbani, sikuwasha jiko.

Jumamosi, 20 Julai
Baridi, upepo wa mlimani. Martha amekuja na kaka yake. Tumesalimiana vizuri, mke wangu amewapa ugali na maziwa, wakala. Kisha kaka akafungua blanketi alilobeba.

Bunduki, kuukuu. Ubavuni imechongwa maandishi ambayo siwezi kuyasoma, na mwaka. Ni kabla sijazaliwa. Ni wangapi imeshawazika, na wapi, hakuna ajuaye. Kifyatulio kilikuwa kinakwama. Mtu akichelewa kidogo amekufa, alisema kaka, na fundi mwingine hapa hatuna. Yule jamaa ameanza kuchunga karibu na kisima chao.

Martha hakuniomba. Aliniangalia tu. Ningekataa kwa haki gani?

Ni springi iliyokuwa imeshika kutu. Nimeisugua kwa mchanga laini, nikaipaka mafuta ya kondoo, nikairudisha. Kaka akaijaribu bila risasi, mara tatu. Ikaitika vizuri. Martha akasema asante shemeji. Ndilo neno la kwanza jema aliloniambia tangu siku ile.

Nimewaambia wasiilaze chini, sakafu ina unyevu.