Kompyuta Ndani ya Kava la Biblia

Alhamisi, Agosti 2008

Na ijulikane kuanzia leo kwamba kompyuta yangu mpya inaingia ndani ya kava la Biblia la Mama, na zipu inafunga bila kulazimishwa.

Nimepita nayo River Road kifua mbele. Wale vijana wanaopenda mikoba ya watu walinipisha, mmoja hata akaniita pasta. Ni nyepesi hivi kwamba nilisimama kuipapasa nione kama bado ipo.

Nilikuwa naenda Kilimani kwa Mzee Njoroge, mwenye nyumba za kupangisha, kuomba kazi ya kumwekea hesabu. Nikiikosa, narudi kuuza kadi za simu Dagoretti. Na huko sitaki, jamani, sitaki kabisa.

Mzee aliona kava, akafumba macho. "Kijana, kabla ya biashara, tufungulie na neno."

Nilifungua zipu nikijua nimekwisha. Kikatokea kioo na kibodi.

"Ai! Hii Zaburi yako inatumia stima?"

Mkewe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Basi nikapata nguvu. Nikaishika kwa mkono mmoja juu ya sinia la chai, nikaandika kwa mwingine, nikawaambia hesabu zao nitazifanyia popote, hata kwenye ngazi.

Kazi nimepata! Nimecheka peke yangu mpaka mtaa wa Jamhuri. Ofisi yangu iko kwapani!

Sharti la Mzee ni moja: hesabu za wapangaji hazitoki kwake, kwa hivyo kuanzia Jumatatu kompyuta itakaa mezani pake, imefungwa kwa mnyororo.