Nilimtoa Shiha Kiti cha Mbele

Mpendwa Bi. Wijdan, nakuomba msaada, na nakuomba usilitaje jina langu, kwa sababu hapa Zarqa watu wanausoma ukurasa wako hata kwenye foleni ya mkate, na mimi ni karani mdogo ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kusema uongo mkubwa, mpaka Julai hii.

Mjomba wangu Mutlaq anaishi jangwani karibu na Ruwaished na saluki wake, mbwa wa mbio na mawindo, Shiha, jike la rangi ya mchanga anayelala hemani kwenye godoro la wageni, na mjomba alipopangiwa upasuaji wa macho Amman, mama alinituma niazime pikapu ya mwenzangu wa ofisini, nimpeleke Shiha hadi Shobak kwa binti yake mjomba, kwenye baridi ya mlimani. Mjomba alimpaka hina miguuni mwenyewe, kwa kupapasa, akamketisha kando yangu, akasema, "Akae mbele na wewe. Maji aanze yeye kunywa. Na usimwite mbwa, anaelewa."

Nilitii mpaka kituo cha mafuta. Vijana waliokuwa wakinywa chai pale walimwona, wakaanza: "Jamani, njooni mwone bibi harusi, hina kapakwa! Bwana harusi, akikubusu utajiosha mara saba, na moja kwa udongo. Ndoo unayo?" Nikacheka nao, Bi. Wijdan, nikaona aibu, nikaufikiria udenda wake kwenye suruali niliyotaka kuswalia adhuhuri, nikamfikiria na mwenye gari aliyesema asikute unywele kitini, basi nikamshusha, nikamfunga nyuma, juu ya chuma kitupu, jua likiwa la utosi. Kwenye kioo nilimwona akiinua mguu huu, akiushusha, akiinua ule, nikadhani anacheza na upepo. Nikaongeza sauti ya redio.

Aliyenisimamisha ni mama mmoja mfuga mbuzi, Umm Dughaym, aliyetoka kwenye hema lake kando ya barabara akipunga mtandio. Shiha alikuwa amelala hajiwezi, ngozi ya nyayo imebaki kwenye chuma. "Umemkaanga," akaniambia yule mama, "na unaonekana una shule." Akambeba ndani kama mtoto, akamtumbukiza miguu kwenye mtindi, akasema huyu hawezi safari, mwache. Nikamwachia namba yangu, nikageuza gari nikarudi Zarqa, na mjomba alipopiga simu kutoka hospitali kuuliza kama Shiha amefika, nikajisikia nikisema amekufa njiani kwa joto.

"Alikuwa mbele na wewe?"

Nikasema ndiyo. Akaanza kunibembeleza mimi: "Usijilaumu, mwanangu. Angalau hakufa peke yake."

Bado amefungwa macho. Daktari anataka kumfungua wiki hii, naye anasema asiharakishwe, cha kutazama hakipo tena. Na jana Umm Dughaym amenipigia: vidonda vya nyayo vinafunga, Shiha anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga, kukimbiza sungura labda basi tena, na kila gari likipunguza mwendo anainuka kutazama. "Unakuja lini," akauliza, "au nimwambie umekufa?"

Nimemweleza mama. Amesema, "Nyamaza. Mzee keshalia, yamekwisha. Akijua, hataingia nyumba hii, na mimi sina kaka mwingine." Nashindwa kula, nashindwa kuandika hata tarehe sawasawa. Je, niseme, au nimwache mjomba na msiba wake?

Karani, Zarqa

*

Karani wangu mwoga,

Barua yako imenikasirisha, lakini si pale ulipotarajia. Kumweka nyuma ulikuwa ujinga. Vicheko vya vijana wa chai vimewashinda watu wakubwa kuliko wewe, na suruali hufuliwa. Lakini mzee aliyefungwa macho alikubembeleza kwa kifo ambacho hakikutokea, nawe ukakubali kubembelezwa. Hapo ndipo uliponiudhi.

Mama yako namwelewa, anaogopa kumpoteza kaka. Mwambie kwamba mtu asiyetaka kufunguliwa macho bado hajamaliza kulia.

Unaniuliza useme au unyamaze. Hukuniuliza habari za Shiha, anayeinuka kila gari likipunguza mwendo. Yeye hajui kwamba ulishamzika.

Leo, ukitoka kazini, nenda hospitali. Usimpigie simu, umeshaitumia vibaya. Kaa karibu naye useme, "Mjomba, Shiha yu hai." Hilo litangulie, mengine yangoje apate pumzi. Kisha kiti, kisha uongo, kisha nyayo, bila kupunguza kitu. Usilie kabla yake, asije akakubembeleza tena. Akikufukuza, toka, ukae kwenye korido. Huenda asikusamehe mwaka huu. Hilo ni lake, usimharakishe.

Akifunguliwa macho, azima tena ile pikapu, na safari hii mwambie mwenye gari nani atakaa kitini. Mpelekee Umm Dughaym gunia la shayiri kwa mbuzi wake. Tafuta mtu mwingine wa kuendesha. Tokeni alfajiri, na mkishamchukua Shiha msikae sana, mrudi chuma hakijapata moto. Shiha akae mbele na mjomba wako, na maji aanze yeye kunywa.

Wewe utapanda nyuma.