Sarju Wetu wa Msitu wa Misaji

Bantul, 3 Agosti 1987

Mjukuu wangu Wening,

Hujambo wewe na hiyo baiskeli? Mimi mzima, ila meno yamebaki matatu na yote yanagombana. Kupiga pedali mpaka Surabaya si kwenda sokoni kununua tempe ya soya. Vaa viatu vipana. Mguu ukipata joto huvimba. Kamba zilegeze. Pedali ikanyage kwa pale papana nyuma ya vidole. Kila saa shuka, vua viatu, chezesha vidole. Ukijitia ushujaa utarudi unatembea kama bata.

Babu yako, Karso

Ngawi, 7 Agosti

Babu,

Shikamoo. Habari za afya? Mimi salama, ila nilikaidi. Nilikaza kamba, nyayo zikawaka moto. Adhuhuri, katikati ya msitu wa misaji, nikamkuta kijana pekupeku kando ya barabara. Akacheka, "Dada, nani kakudanganya ukaze hivyo?" Akainama akanilegezea. Mikono baridi kama maji ya kisima. Akauliza, "Karso hajambo?" Kuinua kichwa nimjibu, hayupo. Babu, nani anakujua huku?

Mjukuu wako, Wening

Bantul, 10 Agosti

Wening,

Mimi mzima wa mwili tu. Mwaka 1951 nilipita hapo na mdogo wangu Sarju, tunapeleka batiki. Akalalamika miguu inawaka. Nikamwambia, "Miguu laini ya tofu hiyo! Kaza kamba!" Nikamkazia kwa mikono yangu, nikatangulia huku namcheka. Kurudi nyuma kumtazama, nikakuta baiskeli yake na viatu vyake, basi. Mama alitaka kenduri, karamu ya dua ya marehemu. Nikakataa: kenduri ni ya wafu, Sarju yuko njiani. Miaka thelathini na sita! Wewe rudi kwa treni, nakusihi. Mmoja anatosha.

Babu yako

Surabaya, 14 Agosti

Babu,

Shikamoo. Nimefika, miguu haijambo. Treni sipandi. Yule hakunidhuru, Babu; amechoka tu. Mfanyie kenduri yake. Nitaingia Ngawi tarehe ishirini na moja.

Mjukuu wako

Bantul, 17 Agosti

Mkaidi wewe,

Barua hii naituma posta ya Ngawi, uichukue ukipita. Jana vibibi wa jirani walikaanga vitumbua vya apem, Modin wa msikiti akasoma dua. Akauliza jina la marehemu. Nikakohoa, nikaomba chai, nikamtania kilemba chake. Akasema, "Mzee Karso, tunakungoja." Nikalitaja. Majirani wakaitikia amina kama jina la mtu yeyote, wakaendelea kula.

Msituni, usimtafute. Ukimwona, msalimie. Usipomwona, pita zako.

Babu yako