Ubeleko Mfungeni Bi Tatu

Tunduma

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kuku wa Bibi wamepona? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Huku baridi inauma, lakini Hamisi huamka kabla yangu kunichemshia maji ya kuoga, kisha huniita "malkia wa Bagamoyo" mbele ya wapangaji wote. Naona haya, na sitaki aache.

Doti hii ya kanga nyekundu ndiyo ubeleko, zawadi ya aliyembeba bibi harusi mgongoni, ambayo Hamisi alibaki akidaiwa siku ya nikahi. Mwezi ujao wakwe zangu wakija kuwatembelea, itoe mbele yao. Lakini usijifunge wewe, Mama. Afungwe Bi Tatu.

Juzi Mjomba Salehe alinipigia simu. "Binti yangu, yule mama wa mateja siku hiyo akae uani, atusaidie kukuna nazi. Wakwe wakimwona watauliza, watajua habari za kaka yako."

"Mjomba, Athumani aliuza masufuria yote ya Mama apate unga. Pilau ya harusi yangu ilipikwa kwenye masufuria ya nani?"

"Hayo ni mambo ya ndani."

"Na Bi Tatu ni mtu wa ndani."

Akakata simu.

Majirani walikuwa wakianua nguo wakimwona kaka anapita. Bi Tatu, ambaye hata udugu hatuna, alikuja na uji akaketi nawe jamvini mpaka ukanywa. Kila asubuhi alimshika Athumani mkono kumpeleka kliniki kunywa dawa. Vijana wa kijiweni wakawazomea, "Maharusi hao." Naye akawajibu, "Wivu tu, hamkualikwa." Leo kina mama wenye watoto kama Athumani hukusanyika barazani kwake kila Ijumaa, na wanaoingia wakilia nimewasikia wakitoka wanacheka.

Hamisi nilimwambia yote kabla ya posa. Akauliza, "Huyo Bi Tatu anapenda rangi gani?" Ndipo nilipojua nimepata mume.

Mkaja umevaa wewe uliyenizaa. Ubeleko ni wa aliyetubeba sote. Athumani amfunge kwa mikono yake, na wakwe wakiuliza, ajibu mwenyewe.

Nisalimie Bibi, na shangazi aliyenishonea gauni. Kaka mwambie mdogo wake anatembea kifua mbele kwa ajili yake. Na Mjomba umsomee barua hii yote: Bi Tatu akiwekwa uani, nami nitakaa uani, na mkwe wenu atakalia mbuzi akune nazi.

Mwanao,
Zuhura, mke wa Hamisi (sichoki kuliandika)