Mgeni Aliyealikwa na Zuleica

Jumanne, 30 mwezi wa tisa, 2025

Nimechukua daftari la mjukuu wangu Zuleica. Ana miaka sita, hajui hata kuchora jua, daftari la nini! Mimi shule sikuvuka mlango wake. Herufi hizi za chuo cha Kurani alinichorea marehemu bibi yangu mchangani, na humu nyumbani hakuna mwingine anayezisoma. Ndiyo raha yake. Hapa nasema nitakalo.

Asubuhi Nadia wa jirani kaja na simu yake. Ati nimtoe mjukuu wangu kwenye ile eskolinya, ile shule ya watoto wadogo ya turubai, ni ya Mayahudi. Kanionyesha watoto wa Gaza, wamejaa vumbi. Nimelia — nani asilie? Nikajifunga kanga, huyoo, moja kwa moja mpaka kwa Dona Raquel, mwenye eskolinya. Mwanamke wa Brazili, mfupi, kitambaa kichwani kama sisi. Nikamwambia Amélia, mwalimu wake anayejua Kiswahili: mtafsirie bila kupamba. Wewe ni wa wale? Na kama unataka kumgeuza mtoto wangu dini, sema sasa hivi.

Hakukasirika. Kasema zile picha anaziona na yeye, usingizi haumpati. Kasema bibi yake alifukuzwa kwao akiwa umri wa Zuleica, akalala msituni. Anawafundisha watoto aliyofundishwa yeye udogoni, kwa kuwa mengine hana: kunawa, kushukuru, kugawana, kuimba. Dini kila mtu abaki na ya kwao.

Na nguruwe? nikauliza.

Amélia akacheka. Nguruwe Dona Raquel hamgusi.

Basi. Mtoto abaki. Uji anapata, hapigwi, na anarudi amechoka kwa kucheza, si kwa kukaa.

Ijumaa, 3 mwezi wa kumi

Jana eskolinya ilifungwa. Dona Raquel alikuwa na saumu — magharibi hadi magharibi, hata tone la maji! Nadia kaona mwenyewe midomo ilivyomkauka.

Leo Zuleica kaja na mkate uliosukwa, kama nilivyomsuka kichwa. Anajidai huyo! Ananifundisha mimi, kizee. Unanawa kwa kopo la vishikio viwili, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, halafu neno lisikutoke mpaka ung'ate mkate. Na mkate unafunikwa kitambaa. Kwa nini, mke mwenzangu? Ati kikombe cha juisi kinaombewa kwanza, sasa mkate usione kwamba umepitwa. Usiaibike.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Mkate nao una haya! Lakini nimependa. Anayefundishwa asiaibishe mkate ataaibisha mtu?

Na kila asubuhi wanamshukuru Mungu kwa kuwarudishia roho. Nikamwambia hayo sisi tunayo, hujazaliwa wewe wala mama yako.

Kisha nikapakua, nikaweka sahani ya Abibo. Abibo ni mwanangu, baba yake Zuleica. Tangu mwezi wa tano, wale waasi wenye bunduki walipoingia shambani kwetu upande wa Mbau, hajaonekana. Mtoto alikuwa naye. Majirani ndio waliomleta hapa Palma, miguu imevimba. Kila Ijumaa naweka sahani yake. Saquina, mkwe wangu, anapika jikoni kule Afungi, kambi ya kampuni ya gesi, hutoka mara moja kwa mwezi. Safari iliyopita alinipigia magoti. Mama, tumsomee hitima. Nikae eda yangu, nijue mimi nani, mke au mjane. Nikamjibu: maiti huna, shahidi huna, mwanangu humziki. Alilia bila sauti. Nikaona nimeshinda.

Leo Zuleica kaitazama ile sahani. Kachukua kitambaa cha mkate, kaifunika.

Sikucheka tena.

Jumatatu, 6 mwezi wa kumi

Wanajenga banda la majani. Ni sikukuu yao ya siku saba: wazee wao walipomkimbia Firauni walilala jangwani kwenye vibanda hivyo hivyo. Nabii Musa namjua, nikaenda kusaidia makuti. Dona Raquel hajui hata kushika ukuti!

Sharti la paa: lisizibe. Mtu akikaa ndani aone nyota.

Zuleica anaongeza majani. Amélia anapunguza. Anaongeza. Amélia anapunguza, anamweleza kwa upole habari za nyota. Mtoto anaongeza. Halafu kaenda ukuta wa nyuma, kapasua tundu, la kupita mtoto. Wakamuuliza mlango wa pili wa nini?

"Wa kutokea," kasema. "Na juu wasituone."

Kasema kama anaeleza uji unavyopikwa. Na wale wenzake — wote ni watoto wa kukimbia vita, wa Mbau, wa Mocímboa — hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Wakaanza kumletea majani! Mmoja kamkosoa, tundu lako kubwa mno, litaonekana. Wakaliziba nusu.

Dona Raquel katoka nje. Nilimwona mgongo tu, unatikisika. Aliporudi kasema paa libaki hivyo. Nyota mwaka huu zitatusamehe.

Nimembeba Zuleica mpaka nyumbani, mzito kama gunia. Alitaka kutembea. Nikakataa.

Alhamisi, 9 mwezi wa kumi

Leo wametikisa ukuti na ndimu — mashariki, magharibi, juu, chini. Mvua iombwe. Sawa, mvua ni ya wote.

Amélia kanieleza ya kesho. Kwenye banda wanaalika wageni waliokwisha kutangulia kwa Mungu. Ibrahimu, Isihaka, Yakubu, Yusufu, Musa. Wote wetu! Kesho kila mtoto atamwalika wa kwao. Aliyekufa, kasema Amélia, aliye hai anakuja kwa miguu yake. Na wazazi waje.

Zuleica kaniuliza amwalike nani. Nikasema babu yako Assane. Alipenda karamu, alipenda mkate, atakuja anakoroma. Nilitaka acheke. Kanitazama tu.

Niandike sasa, maana hakuna asomaye.

Siku ile alipoletwa, kabla hata ya maji, aliniambia alichokiona shambani. Maneno machache. Nikamziba mdomo. Kwa nguvu — alama za vidole vyangu zilikaa shavuni mpaka kesho yake. Nikamwambia baba yako yuko safarini, ukisema tena hilo, wewe ndiye utakayemuua. Mtoto mdogo! Nimemwambia hivyo mimi, kwa mdomo huu ninaomwombea.

Hakusema tena. Shahidi alikuwepo. Nilimlaza ubavuni mwangu miezi mitano, na mama yake nikamwambia hakuna.

Ijumaa, 10 mwezi wa kumi

Saquina kapewa likizo leo, kashuka garini na nguo za jikoni, kaja moja kwa moja bandani. Nilikuwa nimekaa na akina mama wengine. Hata Nadia! Ati kaja kuangalia tu.

Watoto wakaalika. Mmoja kamwita dada yake. Mmoja kamwita mwalimu wake wa chuo. Mmoja kamwita mbuzi, tukacheka, kisha tukaona hatanii. Dona Raquel kamwekea mbuzi nafasi.

Ikafika zamu ya Zuleica. Kanitazama.

"Babu Assane," kasema.

Mtiifu. Akaweka sahani ya babu. Nikashusha pumzi.

Hakuketi. Kachukua sahani ya pili, kaiweka karibu na lile tundu la nyuma. Kaifunika kitambaa. Kazinyoosha pembe zake vizuri, kama anamfunika mtu aliyelala.

Amélia kamuuliza, na huyu mgeni wako wa pili ni nani?

"Si wangu," kasema. "Wa bibi. Mimi sina ruhusa kumtaja. Nikimtaja atakufa."

Saquina yuko mlangoni, amesikia. Hakumtazama mtoto. Kanitazama mimi. Kisha kasema, taratibu, mbele ya watu wote: twende nyumbani, mama.

Njiani nilikuwa natafuta uongo mwingine, sitajificha. Nimeutafuta mpaka kwenye kizingiti. Nimeukosa.

Sasa tumekaa mkekani, jua bado kali. Saquina hajavua hata viatu vya kazini. Kaniuliza mara moja tu. Mama, mgeni gani?

Nikafungua mdomo, Zuleica kanizuia. Kaleta kopo. Kaninawisha, kulia, kushoto, anamwaga kwa uangalifu asipoteze maji. Kamnawisha na mama yake. Kaweka mkate katikati, umefunikwa. Kanikumbusha kwa kidole midomoni: neno lisitoke mpaka niume.

Mtoto wangu. Kanipa nafasi ya kupumua, hata hajui. Au anajua.

Kuandika hakukukatazwa. Naandika. Vidole vibichi, wino unachafuka. Saquina anautazama mkono wangu, herufi hizi hazijui, lakini anautazama kama anazisoma. Machozi yamefika kidevuni, hayafuti.

Zuleica ameshika pembe ya kitambaa. Ananitazama: afunue?

Nimemwitikia kwa kichwa.

Kafunua.